Mkono wa Hamdiya

Rukaiya wa Kawe alikuwa na starehe moja tu kwa wiki, nayo haikuzidi kikombe cha chai. Kila Jumamosi, akishaswali alasiri, huketi barazani, hukipiga picha kikombe chake pamoja na kitafunwa cha siku hiyo, kisha huituma kwenye kundi la simu waliloliita Chai ya Saa Kumi. Kundi lilikuwa la watu wanne waliosoma pamoja tangu darasa la kwanza, kabla dunia haijawatawanya. Adelina alikuwa mwalimu Njombe, anakunywa chai yake mbele ya jiko la mkaa huku amejifunika blanketi. Yumna aliolewa Toronto, na saa kumi ya Kawe kwake bado ni asubuhi, kwa hiyo picha zake zote zilikuwa za mtu aliyetoka kitandani. Wa nne alikuwa Hamdiya wa Leeds, Uingereza, na huyo ndiye aliyekuwa pumzi ya Rukaiya.

Sheria yao ilikuwa moja: picha iwe ya siku ileile, na unachokula ukionyeshe kilivyo, hata kama ni kiporo. Hakuna kuremba. Ndiyo maana Rukaiya alilipenda kundi lile. Mumewe alikuwa amehamia kwa mke mdogo Mbagala bila kurudi hata kuchukua viatu vyake, na majirani walikuwa wamechoka kumwonea huruma. Lakini Jumamosi saa kumi alikuwa na watu wanaotaka kujua amekula nini.

Mwezi wa kumi ulipoingia, picha za Hamdiya zilibadilika rangi. Huko kwao miti hupukutisha majani kwa mpigo, na kabla ya kupukutika hugeuka manjano, kisha rangi ya kutu, kisha wekundu wa pilipili iliyoiva. Hamdiya alikuwa akikiweka kikombe dirishani, miti ile nyuma yake, na kuandika, "Jamani, njooni muone." Huku Kawe, jani likianguka unalifagia na kumlaani mwenye mti. Hata hivyo Jumamosi moja Rukaiya aliokota jani jekundu la mti wa mkungu wa jirani, akaliweka kando ya kikombe na kuandika, "Na sie tunalo." Walicheka siku nzima, kila mtu katika bara lake.

Sasa, nyuma ya kucheka huko kulikuwa na jambo ambalo Rukaiya hakulisema kundini. Mama yake, Bi Mauwa, alifariki wakati wa masika, mwezi wa nne. Adelina alipanda basi kutoka Njombe akaja kukaa matanga siku tatu. Yumna alilia kwenye simu mpaka salio likaisha. Hamdiya alituma ujumbe wa sauti, na Rukaiya aliuhifadhi: "Ruki, nikikanyaga Dar sipitii popote. Nakuja moja kwa moja kwako kukupa mkono wa pole. Niwekee mkeka."

Huenda msomaji ataona ni maneno ya kawaida. Si ya kawaida kwa waliokulia nyumba ile. Baba yake Hamdiya, mzee Hudhaifa, alikuwa na duka mkabala na nyumba ya Bi Mauwa, na mama yake Hamdiya alikuwa mgonjwa wa miaka mingi. Aliyemlisha mtoto, aliyemsuka nywele, aliyemfunza kufunga Ramadhani, alikuwa Bi Mauwa. Na kwa watu wa pwani, mtu hata akichelewa mwaka mzima, akifika ni lazima aje nyumbani kwa mfiwa, akae mkekani, atoe mkono. Simu haihani. Bi Mauwa mwenyewe, wiki ile ya mwisho, kila mlango ulipolia alikuwa akiuliza, "Hamdiya huyo?" Rukaiya alikuwa akimjibu, "Yuko njiani, mama." Alimdanganya mama yake kwa ajili ya Hamdiya, na mkeka aliuosha, akaukunja, akausimamisha nyuma ya mlango tangu mwezi wa nne.

Riziki yake ilikuwa visheti. Unga, samli, tui zito, hiliki. Kisha kila kidonge cha unga hugandamizwa juu ya kitana ili kipate mistari, hukunjwa kama kombe la pwani, hukaangwa, huvikwa shira. Wapishi wengi siku hizi hutumia uma au kikunio cha plastiki. Rukaiya alitumia kitana cha mbao cha marehemu, ambacho kilivunjika meno matatu ya katikati tangu yeye na Hamdiya wakiwa wadogo. Ni Hamdiya aliyekivunja, kwa kukikanyaga, na akala kofi. Tangu hapo kila kisheti cha nyumba ile kilikuwa na mistari pembeni na upara katikati. Watu walimshauri Bi Mauwa anunue kitana kipya, naye akawajibu kwamba visheti haviendi kwa kinyozi.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeanza kuchezea paa, Petro akapiga simu. Petro alikuwa msimamizi wa jiko katika hoteli moja ya ufukweni Kunduchi, na humpa Rukaiya kazi kukiwa na harusi. Alitaka ndoo mbili za visheti, wageni ni wengi, wengine wametoka nje. Rukaiya alikesha nazo, asubuhi akazipakia kwenye bajaji, akalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Jumamosi saa kumi picha zikaanza kuingia. Yumna na uji wake. Adelina na viazi vya kuchoma. Kisha Hamdiya akatuma mbili kwa mpigo: moja ya miti myekundu, ya pili ya kikombe cha chai na sahani ya visheti. Chini yake ameandika, "Baridi imenishika, nimejipikia visheti mwenyewe. Nje majani yanamwagika tu."

Rukaiya alifurahi kwanza. Aliikuza picha kwa vidole ili aone kama shira imeshika vizuri, maana mpishi ni mpishi. Mistari pembeni, upara katikati. Kisheti cha kwanza, cha pili, vyote.

Akavua miwani, akaifuta kwa upande wa kanga, akaangalia tena. Kisha akairudisha picha ya miti na kuitazama kwa makini, akapekua za mwaka uliopita. Ilikuwa ileile, na ndege yuleyule mweusi kwenye tawi lilelile. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini huyu hata njia hakuitafuta. Alisimama mlangoni kwa mtu akasema yuko Leeds.

Kilichomchoma si kwamba Hamdiya yuko Dar na hajasema. Watu wana shughuli zao. Kilichomchoma ni kwamba alikitia kile kisheti mdomoni, akakitafuna, akakimeza, asikijue. Visheti vilivyomlea mpaka meno ya utotoni yakamuoza! Rukaiya alilia pale barazani kwa sauti, jirani akachungulia na kuuliza kuna nini. "Pilipili," akajibu, na mkononi ana chai.

Kundini hakuandika kitu.

Jumapili kulikuwa na walima, karamu ya harusi, na Petro alitaka sinia moja zaidi kwa ajili ya ukumbi wa wanawake. Safari hii Rukaiya hakutuma bajaji peke yake, alipanda mwenyewe na sinia mapajani. Petro alimpokea kwenye mlango wa jikoni, jasho linamtiririka.

"Afadhali umekuja, dada Rukaiya. Vijana wangu wote wako nje wanahamisha viti, mvua hii. Hebu nisaidie, lipeleke mwenyewe ukumbini."

"Hii harusi ya nani, Petro?"

"Ya mtu mmoja wa Kariakoo, ana braza wake anaitwa Muhsin, anakaaga Ulaya. Amekuja na mke wake na watoto. Wako hapa siku ya kumi na moja leo."

Muhsin alikuwa mume wa Hamdiya. Siku kumi na moja. Kutoka Kunduchi hadi Kawe bajaji haimalizi hata nusu saa.

Ukumbini wanawake walikuwa wamekaa kwa makundi, udi unafuka, vicheko vimejaa. Hamdiya alikuwa karibu na mlango, amenenepa kidogo, amevaa dera la rangi ya chungwa. Alimwona Rukaiya, na uso wake ukaporomoka. Akainuka haraka, akamsogeza pembeni, kwenye korido palipokuwa na meza ndefu yenye maua.

"Ruki! Umejuaje?"

"Visheti ulivyojipikia," Rukaiya akasema, "vimepikwa na mie."

Hamdiya akaliangalia lile sinia. Ndipo alipouona ule upara, mmoja mmoja, na mkono ukamwendea mdomoni.

"Wallahi nilitaka kuja. Kila siku nasema kesho. Shoga, hujui mambo ya huko. Nafanya kazi ya kuwaogesha wazee, zamu mbili, hata hii tiketi amelipa shemeji. Ningekujaje kwako mikono mitupu? Mtaa mzima wa Kawe wakisikia nimetoka Ulaya, kila mtu anangoja begi. Ningewaambia nini?"

"Nani alikuomba begi?"

"Hukuniomba. Lakini ningeona aibu."

"Kwa hiyo aibu ukaipeleka kwenye picha, ukatutumia majani ya mwaka jana. Mama alikuulizia, Hamdiya. Mlango ukilia anakuulizia wewe. Mimi mwanawe wa kumzaa niko pale namgeuza ubavu, yeye anamuulizia Hamdiya."

Hamdiya alikuwa analia sasa, wanja unashuka. Akaunyoosha mkono wake wa kulia. "Nipe mkono, Ruki. Pole kwa msiba wa mama. Pole yetu sote."

Rukaiya alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili. Meza ilikuwa hapo kiunoni mwake, angeinama kidogo tu. Hakuinama. Hasira ya miezi saba ilimpanda kifuani, na kusema kweli ilikuwa tamu, tamu kuliko shira yake.

"Mama hakufia hotelini," akasema. "Nyumbani unapajua."

"Naondoka kesho, Ruki. Ndege saa tatu ya usiku."

"Basi una mchana mzima."

Akampita, akaingia ukumbini, akaliweka sinia mbele ya wageni, akarudi Kawe na shingo imesimama.

Jumatatu alfajiri aliufungua mkeka. Akafagia uwanja, akaokota majani ya mkungu bila kumlaani mtu, akapika visheti vichache vya nyumbani na chai ya tangawizi. Alijiambia anamngoja ili amnyooshe kwa maneno. Uongo; alikuwa ameshamsamehe tangu usiku, alikuwa anamngoja ili amkumbatie. Adhuhuri mvua ikashuka, na njia ya kuingia mtaani ikajaa maji. Alasiri ikatulia. Kila bajaji iliyopunguza mwendo ilimwinua. Mara moja mlango ulilia, naye akaropoka, "Hamdiya huyo?" kwa sauti ambayo ilimshtua mwenyewe, kwa kuwa haikuwa yake. Alikuwa jirani, amekuja kuomba chumvi.

Magharibi ikaadhiniwa. Chai ilikuwa imefanya utando juu.

Mtu hawezi kujua upande wa pili ulikuwaje. Labda Muhsin alimkataza, labda maji ya barabarani, labda alipanda bajaji akafika hadi kona akarudi. Labda alisikia lile neno la koridoni akaelewa kwamba amefukuzwa. Rukaiya alizigeuza hizo labda zote wiki nzima, wala simu hakupiga, alisubiri apigiwe. Wote wawili walilelewa na mwanamke mmoja, na ukaidi waliurithi sawasawa.

Jumamosi saa kumi picha zikaingia. Yumna na uji. Adelina na ndizi. Hamdiya na kikombe dirishani, na nyuma yake ule mti wa siku zote, sasa umebaki matawi matupu, hauna hata jani moja. Hakuandika neno. Safari hii Rukaiya hakuwa na haja ya kukuza picha. Ilikuwa ya siku ileile.

"Masikini, majani yameisha!" Yumna akaandika.

Adelina akauliza, "Ruki, Jumamosi ya pili hii hutuonyeshi chai. Unaumwa?"

Rukaiya aliangalia kikombe chake. Aliangalia mkeka, ambao tangu Jumatatu hakuwa na moyo wa kuukunja. Kisha akaiweka simu chini, akaikunjua mikono yake miwili mapajani, mitupu, ina harufu ya samli na hiliki, akabaki kuitazama. Hakumwonea Hamdiya hasira tena, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwani hasira ingemfaa. Alikuwa anaiona ile meza ya koridoni, yenye maua, na nafasi kubwa tu ya kuweka sinia.