Kuomba Shanga Kiswere

Nakusanya shanga za kaharabu bandia. Wakusanyaji wenzangu wa mtandaoni huziita "kaharabu ya Kiafrika", jina lenye uongo mara mbili: si kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe, wala si za Afrika. Zilitoka viwandani Ulaya, wachuuzi wakazileta, bibi zetu wakazivaa mpaka zikaiva rangi ya asali. Wenzangu wanajua hayo yote, ila jina linawafanya wajione wanazuoni.

Kiswere kuna bibi mmoja, jirani wa mama yangu mkubwa, mwenye kidani cha shanga hizo, kila moja kubwa kama tende. Nilikitaka kuliko ajira. Shida ilikuwa kuomba. Kwetu kijana wa kiume hamwambii mwanamke "nionyeshe shanga zako"; shanga ni za kiunoni, na kiuno kina mwenyewe. Basi miezi ikapita nikienda, shikamoo, marahaba, nakaa, natafuta neno. Kidani? Mkufu? Yale ya njano? Nikilipata njiani, mlangoni naliona la kipuuzi.

Kisha mkusanyaji mmoja wa Dar akataka nimpeleke. Akaingia uani bila hodi.

"Bibi, mambo? Nionyeshe shanga zako."

Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo wakasimamisha visu.

"Marehemu mume wangu alileta posa kwanza," bibi akasema. "Wewe ya kwako iko wapi?"

"Mwonyeshe tu, shoga," mwenzake akadakia. "Huenda hajawahi kuona."

Uani pakawa kicheko. Bwana yule, asielewe kitu, akaonyesha picha ya kidani kwenye simu, na bibi akaenda kuleta kidani. Mwenzangu akapasha sindano kwa kiberiti, aichome shanga. Alijua tangu Dar kuwa ni bandia. Sindano ilikuwa ya kujionyesha tu. Bibi akampokonya kidani.

"Napima kama ni halisi," akajitetea. "Ila naona ni plastiki."

"Plastiki ndiyo umeifuata kutoka Dar?"

Akakifunika kidani kwa kanga, akanigeukia.

"Na wewe, mjukuu wangu, siku zote hizi unafuata nini hapa?"

Nikawaza: nikisema nakitaka, nimefanana na huyu mpuuzi. Nikikana, nimekikosa.

"Nakuja kukusalimia tu, Bibi."

"Basi umeshasalimu," akasema, akaingia ndani nacho.