Swali Lililojibiwa Mapema

Mwalimu wa historia alikuwa na kasoro moja tu, na mkewe aliijua hata kabla ya posa: hakuweza kuona swali limekaa bila jibu. Ukimuuliza jirani yake saa ngapi, anayejibu ni yeye.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa mijadala ya mtandaoni pale chuoni. Utaratibu aliutunga mwenyewe, akautangaza kwa mbwembwe: kila wiki mwanachuo mmoja ni kiongozi, anatupa swali kwenye kundi, anawaongoza wenzake wabishane, na mwalimu haandiki neno mpaka Jumamosi. "Nataka mfikiri kwa vichwa vyenu," aliwaambia.

Wiki tano alijikaza kisabuni. Ya sita ikawa zamu ya binti wa fundi cherehani, ambaye darasani sauti yake ilisikika wakati wa kuitwa majina tu. Jumatatu asubuhi akaandika: "Kitabu chetu kinasema wakulima waliridhika na kodi mpya. Aliyeandika aliwauliza wakulima gani?"

Mwalimu alikuwa ofisini. Akaweka kikombe chini. Ukurasa ule aliufundisha miaka kumi na minane, na swali hilo halikuwahi kumjia.

Zikapita dakika kumi, zikafika ishirini. Kimya. Mwalimu akamwonea huruma binti wa watu. Simu ilionyesha kwamba watu watatu wanaandika. Aliona, Mungu shahidi wake aliona, lakini vidole vilikuwa vimeshaanza. Akamwaga aya sita: vyanzo, tarehe, na hitimisho juu yake. Akatuma.

Wale watatu wakaacha kuandika. Zikafuata shukrani ishirini na saba, "Asante mwalimu," "Tumekuelewa mwalimu," na mjadala ukafa hapohapo. Jioni binti akamwandikia pembeni: "Samahani mwalimu kwa swali gumu. Naomba mwenzangu amalizie wiki." Akamruhusu, akampa na alama nzuri, akadhani yameisha.

Hayakuisha. Binti hakuuliza tena mpaka anahitimu. Majuto ni mjukuu, na ya mwalimu yalikuja kila alipofika ukurasa ule. Aliumia zaidi akiwakumbuka wale watatu. Walikuwa wanaandika nini? Alipokuja kuwauliza, hakuna aliyekumbuka.

Miaka tisa baadaye, wiki ya kustaafu kwake, binti alikuja kumuaga. Sasa naye anafundisha sekondari. Mwalimu alikuwa ameyapanga maneno ya kumwomba radhi tangu aliposikia anakuja, lakini mgeni akamtangulia.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kukushukuru."

"Marahaba. Kwa lipi tena, mwanangu?"

"Siku ile kwenye kundi. Nilitaka ardhi ipasuke, watu wote wameninyamazia, ukaniokoa. Nami nimeshika hilohilo. Mwanafunzi wangu akiuliza kitu wenzake wakanyamaza, namjibia palepale asiaibike. Simuachi hata dakika mbili."

Mwalimu alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba hakumwokoa, kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko jibu, kwamba wenzake walikuwa njiani kumfuata na yeye ndiye aliyewazuia. Binti alikuwa anatabasamu, amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Unafanya vizuri, mwanangu," akasema.