Pikapu ya Saumu Yazima Langoni

Ukitaka kugombana na wifi yangu Saumu, mwambie asogeze gari. Watu wa Ufukoni wanalijua hilo tangu kaka yangu Mustafa alipofariki, mwaka wa tisini na nane, akamwachia binti mmoja, shamba la mikorosho na pikapu nyeupe iliyotumika kwanza Japani, kisha ikaja kuteseka kwetu. Eda haijaisha, baba zangu wadogo wakaja kukaa barazani. Wakasema gari ni mali ya ukoo, na tena mwanamke ataliendeshaje? Walikuwa hawajui kwamba Mustafa alimfundisha mkewe zamani, kwenye viwanja vya chumvi maji yakikauka. Saumu akawasikiliza kwa adabu kutoka nyuma ya pazia, akawajibu: "Baba zangu, gari liko nje hapo. Anayejua ufunguo ulipo alichukue." Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya gauni. Nani angethubutu kuutafuta huko? Mimi niliye damu yao nilicheka mpaka nikafukuzwa barazani.

Eda ilipokwisha akaingia barabarani, Mtwara na Kitaya, Kitaya na Mtwara. Kwenda alibeba chumvi, sabuni na mafuta ya taa, kurudi alibeba muhogo, mpunga na watu. Kila kijiji kilikuwa na honi yake. Madimba alipiga mbili fupi, Mahurunga moja ndefu, na akiingia Kitaya aliiachia ilie tangu shamba la kwanza mpaka kwa mwanawe Husna, aliyeolewa huko na mkulima wa bonde la Ruvuma. Watoto walikuwa wakimkimbilia wakiimba jina lake. Wanaume waliosema hatamaliza mwaka wakaanza kumwomba lifti.

Akitokea huko Kitaya ndipo Husna alipompoteza mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulimkamata wakati wa mvua, pikapu ya mama yake iko gereji mjini imekatika springi. Wakampandisha kwenye lori la muhogo, juu ya magunia. Lori likakwama Mahurunga. Mtoto akazaliwa pale pale juu ya magunia, wala hakulia. Saumu alipofika alimfunika mjukuu wake kwa kanga aliyokuwa amejitanda, akamshika Husna uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Wa pili nakufuata mwenyewe. Nimesema." Wifi yangu akishasema, amesema.

Basi Husna alikuwa na mimba ya pili, ya miezi sita, gari la Athumani lilipoungua.

Athumani ndiye mwenzake Saumu kwenye njia ya Kitaya, naye alikuwa na pikapu ya aina ile ile. Desemba ya mwaka elfu mbili na sita alikodiwa Mikindani kuwaleta watoto waliotoka jandoni. Kwetu gari la jando huvishwa kanga mbele na nyuma, huwashwa taa mchana kweupe, na honi haikatishwi mpaka nyumbani. Dereva akiiachia, kina mama watamsuta kwamba hana furaha na watoto wa wenzake. Athumani akaibana tangu Mikindani. Mbele, pembeni yake, alikaa somo wa watoto, mlezi wao wa jandoni, na chetezo cha ubani mapajani. Moshi ulipoanza kutoka chini ya usukani, kila mtu alijua ni ubani. Kina mama walioko nyuma wakauona, wakazidisha vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Ongeza ubani!" Kufika kona ya kuingia mjini kanga za mbele zikashika moto. Watoto walishushwa wote salama, alhamdulillahi, lakini Athumani alirudisha mkono ndani kuivuta handibreki, gari lisije likawateremkia. Kiganja chake cha kulia kilitoka hakitamaniki.

Mwezi uliofuata tangazo likasomwa redioni, na nakala ikabandikwa ukutani kwenye kituo cha mafuta. Pikapu zote za aina ile, hata zilizonunuliwa mitumba, zina kasoro ya umeme. Swichi iliyo chini ya usukani, inayogawa umeme wa taa na honi, hupata moto mpaka ikashika. Mwenye gari asiwashe taa na kubana honi kwa pamoja. Akisikia harufu ya kuungua, azime hapo hapo, asiwashe tena mpaka gari likaguliwe na wakala aliyeko Dar es Salaam. Athumani alisomewa lile tangazo akiwa na bendeji. Akasema, "Kumbe walikuwa wanajua."

Saumu alikuwa ameshaisikia harufu. Wiki moja kabla, akitoka Mahurunga kwenye mvua, taa zimewashwa, pua yake ilipata kitu kama plastiki jikoni. Alidhani ni mzigo wa abiria. Baada ya tangazo aliirudisha pikapu nyumbani, akaiegesha uani, akafungua waya wa betri.

Madereva wa stendi wakamcheka. Gari limetembea miaka yote hiyo, wakasema, leo redio ikikohoa tu anaogopa. Akawajibu, "Siogopi. Ila sitampakia mwanangu kwenye jiko." Fundi Asadi wa mtaani alifungua, akachungulia, akasema wazi kwamba swichi imeanza kuungua kwa ndani. Kuifunga utepe angeweza, ila alisema yeye mwenyewe asingempandisha mkewe humo. Nyingine ya namna ile hana, na duka lolote la Mtwara halina.

Tukaenda kwenye kibanda cha simu, akapiga Dar. Mimi nimetega sikio pembeni. Akapokea binti mwenye sauti laini.

"Lilete tu huku mama, tutakubadilishia bure."

"Nililete kwa njia gani?"

"Kwa barabara, mama. Uliendeshe."

"Mwanangu, tangazo lenu linasema likinuka nisiliwashe. Limenuka. Sasa nalileta vipi, nalipigia mluzi linifuate?"

Binti akaenda kuuliza wakubwa wake. Aliporudi akasema basi tulipakie kwenye lori, gharama juu yetu. Masika ile hata mabasi yalikuwa yanalala kwenye matope ya Somanga, njia ya Dar, abiria wakipika kando ya njia. Saumu akaweka simu chini polepole. Nilijua hasira imempanda, maana alimshukuru mwenye kibanda kwa upole mno.

Siku zikaenda. Kila mtu aliyetoka Kitaya alileta salamu za Husna: miguu imevimba, anauliza mama anakuja lini. Njia ya Kitaya ilikuwa imebakiwa na lile lori la muhogo tu. Saumu alikuwa akisikia jina la lile lori anainuka anaondoka. Usiku simsemei, lakini asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, naye hakuwa mtu wa kulia mbele za watu.

Mimi nauza vitumbua karibu na yadi ya mradi wa barabara. Asubuhi moja wakaja vijana wageni wamevaa ovaroli mpya, wakala vitumbua vyangu kwa pupa. Nikawauliza kwa uzuri tu, wanangu mmetoka wapi? Mmoja akajibu kinywa kimejaa kwamba wametoka Dar, wamekuja kwa ndege na maboksi ya swichi, wanabadilisha kwenye magari ya mradi. Magari ya mradi ni mengi, akasema, hayawezi kwenda Dar.

Niliacha karai jikoni. Nilimkuta Saumu anafua. Nilipomaliza kumweleza alikamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaianika, akaingia ndani kuvaa baibui. Kisha akafunga waya wa betri.

"Wifi, si umesema huliwashi?" nikamwuliza.

"Simpakii Husna. Mimi na wewe tukiungua, tumeshakula chumvi ya kutosha."

Akanipakatisha ndoo ya mchanga. Tulitoka Ufukoni bila taa, bila honi, nimekumbatia ndoo kama bibi harusi na sanduku lake, nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Watu walitupungia mkono, Saumu hakumpigia mtu honi hata mmoja. Tulipofika kwenye lango la yadi aliisimamisha katikati kabisa, akazima, akachomoa ufunguo, akaurudisha shingoni. Akatoa ukili kwenye mkoba, akaanza kusuka.

Mlinzi, kijana aitwaye Josephu, akaja mbio. "Mama, sogeza gari! Wakubwa wanatoka."

"Limenuka, mwanangu."

"Limenuka nini?"

"Kuungua. Tangazo linasema likinuka nizime hapo hapo. Na hapo hapo ndipo hapa."

"Nnungu wangu!" akasema Josephu, akakimbilia ndani.

Akatoka kiongozi wa wale mafundi, jina lake Emmanueli, kijana nadhifu mwenye kalamu mfukoni. Sina ubaya naye, alimwamkia Saumu vizuri.

"Shikamoo mama. Hapa tunahudumia magari ya mradi peke yake. Nyie wa binafsi utaratibu wenu ni Dar."

"Marahaba baba. Swichi za mradi na ya kwangu ni tofauti?"

"Ni zile zile."

"Basi na moto ni ule ule."

"Mama, mimi nimetumwa tu. Nikikutengenezea wewe, Mtwara nzima itakuja."

"Ije. Kwani hao wengine wanaungua kwa zamu?"

Habari kwetu haihitaji redio. Madereva wale wale waliocheka stendi wakaanza kuja na pikapu zao, moja nyuma ya nyingine, kila mmoja anazima, anashuka, anakunja mikono. Mtwara ya siku zile haikuwa na foleni hata siku ya sikukuu, siku ile ikaipata. Ndani ya yadi magari ya wakubwa yalikuwa yananguruma, hayana pa kupita. Mkubwa mmoja alitoka akapiga kelele, akarudi kivulini. Saumu alikuwa anasuka.

Wakamwita askari. Akaja na pikapu ya serikali, akashuka kwa ukali, akalizunguka gari la Saumu, akasoma jina la aina yake. Halafu akageuka akalitazama alilokuja nalo yeye. Akamvuta Emmanueli pembeni, na mimi nilikuwa karibu, nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Hivi na hili letu limo kwenye tangazo?" Lilikuwamo. Askari akaegesha mwisho wa mstari, na ukali wake ukaishia hapo.

Emmanueli alikuwa anapiga simu Dar, jasho linamtoka, Athumani alipofika kwa miguu. Hakusema hotuba. Alimwendea, akampa mkono wa kusalimiana kama mtu yeyote, ule wa kulia. Emmanueli akaupokea bila kutazama. Kisha akatazama. Kile kiganja kilikuwa kimekunjamana, vidole viwili havinyooki. Hakuuachia mkono ule haraka, na simu sikioni ilikuwa bado inaongea.

"Umeungulia kwenye hili?" akauliza.

"Kwenye la aina hii. Na watoto nyuma."

Emmanueli akamwambia mtu wa kwenye simu, "Bosi, nitakupigia." Akaizima. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku ile nilimwona mgeni akiamua kuja. "Mama," akasema, "washa uingize ndani, tuanze na lako."

"Siwashi. Limenuka. Sukumeni."

Wakalisukuma. Mafundi wa Dar, Josephu, askari, na yule mkubwa aliyepiga kelele, maana alitaka njia. Saumu alishika usukani mgongo umenyooka kama mkuu wa mkoa. Swichi ya zamani ilipotolewa ilikuwa nyeusi upande mmoja, imeanza kuyeyuka. Alimwomba Emmanueli ampe, akaiweka kwenye mkoba pamoja na ukili wake. Yule kijana hakuondoka Mtwara mpaka mstari wote ulipokwisha, swichi nyingine zikaletwa kwa ndege. Vitumbua vyangu alikula bure.

Alfajiri ya kesho yake tulishika njia ya Kitaya. Mvua ilikuwa kubwa, kumekuwa giza utadhani jua limesusa, na taa ziliwashwa muda wote. Tulimkuta Husna amekaa mlangoni na kifurushi chake, mkono kiunoni. Tulimweka katikati yetu. Kabla ya Mahurunga uchungu ukamkamata, akanibana paja mpaka leo nina alama.

Tulifika mahali pale lori lilipokwama siku ile. Husna alipajua, akafumba macho. Saumu naye alipajua. Akaweka kiganja kwenye honi, akaibana.

Hakuiachia. Tulipita Mahurunga inalia, watu wakitoka kwenye vibaraza na kanga kichwani, wakidhani ni harusi. Tulipita Madimba inalia. Kwa mkono mwingine, pale barabara iliponyooka, Saumu alikuwa anapapasa chini ya usukani, kisha anaurudisha. Na mimi nikapapasa. Palikuwa baridi.

"Mama, hiyo honi," Husna akasema huku anahema.

"Iache ilie. Safari ile hakuna aliyelia."

Aliiachia mlangoni mwa wodi. Muuguzi akatoka amefura kwa hasira. "Nani huyo? Hamjui hii ni hospitali? Sogeza gari hilo!"

Saumu akazima, akachomoa ufunguo, akauvaa shingoni. "Nitalisogeza," akasema, "nikimsikia mjukuu wangu."

Alilisogeza kabla ya adhuhuri.