Shemeji na Somo la Hoja

Mdogo wa marehemu mke wangu anafundisha kidato cha mwisho. Wanafunzi wamembatiza Ushahidi. Mtu akimwambia mvua itanyesha, anauliza, "Ushahidi wako?" Muuza nyama, akimwona kwa mbali tu, anaanza kujitetea kabla ya salamu.

Mwaka huu yeye na walimu wenzake walipewa kazi ya kutunga kitabu cha kuwaandaa wanafunzi kwenda chuo. Vijana wanafaulu kwa kukariri. Wakifika chuo wanapewa kitabu kinene wakisome wenyewe, macho yanawatoka. Ndiyo maana vikawekwa viwango vipya: mwanafunzi asome maandishi marefu, atoe hoja yake, aitetee. Shemeji akaangukiwa na somo la hoja.

Ana utaratibu wake. Kila somo analoandika hulisoma kwa sauti mbele ya mtu ambaye hakusoma. Huyo asipoelewa, anafuta. Miaka yote mtu huyo alikuwa mke wangu, na mke wangu hakuwa na haya. Anachagua mchele, hainui hata kichwa, anasema, "Hapo umenipoteza, rudi." Shemeji ananuna, anarudi.

Sasa hayupo. Kazi ikaja kwangu. Shule mimi nimeingia kupaka rangi tu, kwa hiyo sifa ninazo.

Siku ya kwanza alikaa, akasoma. Nikawa naitikia kwa kichwa. Sauti yake na ya dada yake ni moja. Akiniuliza kama nimeelewa, namwambia nimeelewa, endelea. Akaondoka kifua mbele.

Jumamosi iliyofuata alirudi amevimba kwa hasira. Alikuwa amelijaribu somo darasani. Wanafunzi nao waliitikia kwa vichwa, kama mijusi ukutani, kisha zoezi likawashinda wote. Na Jumatatu paneli ya kupitisha kitabu inakaa. Somo lisipoeleweka, wanarudisha lile la zamani la kukariri, ambalo ameligombania mwaka mzima litoke.

"Shemeji, si ulisema umeelewa?"

"Nilisema."

"Ushahidi wako?"

Akataka basi nimweleze hoja ni nini. Nikamwambia ni kitu kizuri, watoto wafundishwe. Akanitazama kama mtu aliyeona rangi mpya imebanduka.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unasikiliza nini?"

"Sauti," nikasema. "Nyumba imekuwa kimya."

Akainama kutafuta kalamu mkobani. Akakawia huko, na kalamu ilikuwa mkononi. Alipoinuka, alininyooshea hiyo kalamu.

"Dada asingenihurumia. Na wewe usinihurumie. Ukiitikia tena bila kuelewa, sitakuja kukusomea."

Hapo masikio yalizibuka.

Akaanza upya. Mstari wa kwanza ulikuwa mrefu, hauna pa kupumulia. Nikamwambia nimepotea. Akanuna, akaukata. Wa pili ulikuwa na maneno matatu ambayo sijawahi kuyasikia hata redioni. Akayatoa, akisema anayatoa kwa shingo upande. Tukaenda hivyo. Kuna mahali nilielewa, nikasema sijaelewa, nione atafanya nini.

"Sasa unafanya kusudi."

"Kidogo."

Akacheka. Tangu msibani sikuwa nimemsikia akicheka. Jua lilipozama, zile kurasa nyingi zilikuwa zimebaki chache, na nilikuwa naweza kumweleza hoja ni nini, ingawa alinisahihisha mara mbili na bado hakuridhika na jinsi nilivyomaliza.

Jumatatu paneli ikalipitisha. Ila wajumbe walinung'unika kwamba ni fupi, masomo ya wenzake yamenenepa. Shemeji aliwaambia kosa ni la shemeji yake, mzee mmoja mbishi, haelewi kitu.

Jana ameleta somo la takwimu. Sijaelewa hata kichwa chake, na nimemwambia.