Kaseti ya Huzuni

Nakumbuka siku tuliyomzika dada yangu Nyambura kule kwetu Murera, mwanangu, na naikumbuka vibaya. Nakumbuka jenereta, nakumbuka mahindi ya jirani yaliyokauka, nakumbuka hata viatu vya pasta. Yeye mwenyewe simkumbuki vizuri. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza, kwa sababu juzi uliniuliza swali nikalikwepa.

Ulikuwa umeketi hapa sebuleni na simu yako, vile vitu vyeusi masikioni, unaandika hadithi. Nilikuuliza unaandikaje na kelele kichwani. Ukasema una nyimbo ulizozipanga, za huzuni ukiandika msiba, za mapenzi ukiandika mapenzi. "Ni za kunipatia mood tu, Baba," ukaniambia, ukacheka kidogo, kama mtu anayemfundisha mzee kutumia simu. Ungejua ni nani aliyekuwa amekaa mbele yako. Mimi nilikuwa bingwa wa mambo hayo kabla hujazaliwa.

Nilikuwa kijana, nimepanga chumba kimoja Mwiki, nikiandika michezo ya kuigiza ya vijana wa kanisa na hadithi ndogondogo ambazo nilitumaini zingesomwa redioni siku moja. Nilikuwa na redio ya kaseti, na kaseti zangu nimeziandika kwa kalamu ubavuni: hii ya mapenzi, hii ya ugomvi, hii ya huzuni. Ya huzuni ilikuwa gitaa tupu, hakuna mwimbaji, mtu anapiga polepole kana kwamba hataki kufika mwisho. Niliinunua Thika kwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Nikiiweka tu, machozi yanakuja. Ilikuwa kama kufungua mfereji, unafungua na maji yanatoka, huulizi yametoka wapi. Vijana wenzangu waliniuliza nafanyaje mpaka naandika mambo ya kuliza watu, nami nikawaficha.

Sasa Nyambura. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa mdogo, na huyu dada ndiye aliyenilea. Alifanya kazi Thika, eneo la viwanda, kwenye kiwanda cha kutia matunda mikebeni, upande wa kumenya mananasi. Maji ya mananasi yalimla vidole. Alirudi nyumbani ngozi imechubuka, hawezi kugusa chumvi, kwa hivyo mimi ndiye niliyetia chumvi kwenye mboga, na nikizidisha alininunia. Na kwa vile mashine za kule zilikuwa na kelele, alizoea kupaza sauti. Hata siri alikuambia kwa kelele, jirani akaitikia.

Lakini jioni hakutaka redio. Akiingia anaizima, anaketi kitandani, ananiambia nisubiri kidogo masikio yake yarudi. Tulikaa hivyo, sufuria ikichemka, hakuna anayesema kitu. Baadaye sauti yake ilishuka, ikawa ya chini, ya mtu mwingine kabisa, na kwa sauti hiyo aliniuliza shule ilikuwaje. Ile sauti ya chini niliisikia mimi peke yangu. Kiwandani hawakuijua, na kanisani hawakuijua.

Alishikwa na kifua, akaugua kidogo tu, akatuacha. Kwenye vikao vya matanga wazee wakasema mimi ndiye mwandishi wa familia, basi niandike wasifu wa dada yangu na niusome mbele ya watu. Nilirudi Mwiki, nikafunga mlango, nikaweka kaseti ya huzuni. Niliandika nikilia mpaka karatasi ikalowa. Upande mmoja wa kaseti ukiisha naigeuza, naendelea. Nilipomaliza nilijisomea kwa sauti, gitaa likicheza nyuma, nikaamini sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Kwa kweli nilijipongeza, na dada yangu yuko mochari.

Siku ya mazishi nilibeba ile kaseti, nikampa mtu wa vyombo vya sauti aicheze chinichini nikisoma. Nikashika maikrofoni. Jenereta likakohoa, likazima. Yule mtu akavuta kamba, akavuta tena, wapi. Mwenye kuongoza shughuli alikuwa akitazama saa kwa sababu pasta alikuwa na mazishi mengine, akaniambia nisome tu, watu wasogee. Wakasogea, nikaanza kusoma.

Hapo ndipo niliposikia nilichoandika. Nyambura alikuwa ua. Nyambura alikuwa taa iliyozimwa na upepo. Moyo wake ulikuwa bahari, na dada yangu hakuwahi kuona bahari hata siku moja. Hakukuwa na nanasi mle ndani, wala chumvi, wala redio iliyozimwa. Kila nilipofika mahali nilipolia kule Mwiki, nilitua kidogo nikingoja, na hakuna kilichokuja. Nilikuwa nimeliachia gitaa nafasi. Watu walinitazama kwa adabu, kama wanavyomtazama mgeni aliyetumwa na ofisi ya serikali kutoa rambirambi. Hakuna aliyelia, hata mimi. Nikakunja karatasi, wakamteremsha.

Tulipomaliza kutupa udongo alinijia mama mmoja anaitwa Wangari, ambaye sisi tulimwita Tata, maana alikuwa kama shangazi kwetu. Alikuwa amefanya kazi na Nyambura kiwandani miaka mingi. Akanishika mkono, na vidole vyake pia vilikuwa vimechubuka.

"Kamau, umesoma vizuri," akasema. "Lakini huyo ulikuwa unasoma ni nani? Mimi nimesimama na Nyambura meza moja, na huyo mimi simjui."

Hakuwa amekasirika. Alisimama akingoja, nadhani alifikiri nina karatasi nyingine mfukoni.

"Si ungesema tu vile alikuwa," akaniambia. "Ni wewe ulikuwa unakaa na yeye."

Nilimchukia, mwanangu. Nilisema moyoni kwamba mmenya mananasi atajua nini kuhusu uandishi. Niliibeba ile chuki mpaka Mwiki, nikakaa nayo siku kadhaa, kisha ikaisha yenyewe na kuniacha na aibu. Nikaamua kuuandika wasifu upya. Hakuna mtu ambaye angesomewa tena, lakini nilitaka uwepo mahali.

Niliketi bila kaseti. Hakuna kilichokuja, mkono haukujua pa kuanzia. Nikaiweka kaseti, machozi yakaja mara moja kama kawaida, ila Nyambura hakuja nayo. Ndipo nilipoelewa kwamba siku zile zote nilikuwa nikimlilia mpiga gitaa.

Kuna jambo baya kuliko hilo. Ninyi hamkuzijua kaseti. Zamani ukirekodi kitu juu ya kaseti yenye kitu kingine, kile cha kwanza hakijifichi chini, kinafutika. Nilipoandika ule wasifu, sauti ya dada yangu ilikuwa bado mbichi masikioni mwangu, na mimi nikacheza gitaa juu yake, tena na tena. Nikijaribu kumsikia akiniuliza shule ilikuwaje, midomo yake naiona inasogea, halafu gitaa linaanza. Niliuvuta ule utepe wote nje, nikauchoma nyuma ya ploti nilimopanga mpaka majirani wakalalamika harufu. Haikusaidia. Wimbo huo naweza kukuimbia sasa hivi, mwanzo mpaka mwisho.

Tata Wangari nilimwendea baadaye, kabla naye hajafariki. Alinipa yote aliyokuwa nayo, lakini Nyambura aliyemjua yeye ni yule wa kelele. Wa sauti ya chini hakuna mwingine wa kumuuliza. Niliacha kuandika, nikauza dukani Ruiru mpaka nikazeeka, na watu wakafikiri nilipata akili.

Wewe ulipozaliwa tukakupa jina lake, kama desturi yetu. Na juzi ukatoa vile vitu masikioni, ukaniuliza, "Baba, huyo Nyambura nimeitwa jina lake, alikuwa anaongea aje?" Nikakuambia nitakueleza kesho. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilifungua mdomo na gitaa likaanza.

Sasa nisikilize. Sikukatazi muziki. Sikiliza ukiosha vyombo, sikiliza ukitembea. Lakini ukiketi kuandika juu ya mtu wako, zima. Kaa kwenye kile kimya hata kama hakileti kitu, hata kama kinakuogofya, na kikikuletea kitu kidogo andika hicho hicho kidogo, vidole vilivyochubuka au mboga iliyozidi chumvi. Ukimaliza jisomee chumba kikiwa kimya. Maneno yasipoweza kusimama hapo, hujamwandika bado, na afadhali uligundue ukiwa nyumbani kuliko mimi niliyegundua mbele ya jeneza.

Na usingoje afe. Mama yako yuko jikoni sasa hivi, anagombana na sufuria kama kawaida yake. Nenda umsikie.

Siku moja utasimama Murera unisome mimi, na kwa vile ninavyokohoa si mbali. Sitaki ua wala bahari. Sema nilikuwa mzee mwenye hasira za karibu, niliyekwepa maswali, na kwamba nilinusa chai kabla ya kuinywa. Kama jenereta likizima, endelea kusoma.

Pasta hutuambia tutaonana tena huko mbele, nami huitikia amina kama wengine. Ninachoogopa ni kwamba Nyambura ataniita kwa ile sauti yake ya chini, nami nitageuka huku na huku nikijiuliza ni nani.

Wewe Mungu akulinde, Nyambura wangu. Akuachie masikio yako mpaka uzeeni, na yeyote uliyempenda akikuita, umjue.