Nchi ya Mzee Behram na Mama Niliyemzika kwa Mdomo

Nakumbuka, Mwanangu, wewe unayelea watoto ugenini kama nilivyolea mimi, siku moja ya baridi niliyotamani sakafu inimeze. Ilikuwa 2012, ningali kijana, natengeneza vyerehani katika duka la Mzee Behram kule mtaa wa Point, hapa Durban. Mzee alikuwa Mparsi mzaliwa wa Unguja, mfuasi wa ile dini ya kale ya Wairani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko hiki changu cha Uvira, Kongo.

Binti yangu Riziki, wa miaka saba, alikuwa akinisubiri hapo baada ya shule. Mzee akamsimulia habari za Airyana Vaeja, nchi ya kwanza ya wahenga wake. Mungu aliiumba njema kupita zote, kisha adui akaitia baridi ya miezi kumi kila mwaka. Wenyewe waliipenda hivyo hivyo, kwa maana Mungu humpendezeshea kila mtu kwao.

"Iko wapi?" Riziki akauliza.

"Hakuna ajuaye. Na kwenu je, kuna nani?"

"Hakuna mtu. Koko, mama ya papa, alikufa. Bote balikufa. Papa njo alisema."

Kweli, ni mimi niliyemwambia kwamba wote walikufa. Bisibisi ikaniponyoka. Kila Jumamosi Mzee alinisikia nikiongea na mama kwa simu, pale pale dukani. Akanivuta nyuma ya pazia.

"Jumamosi wazungumza na nani?"

"Na mama. Mzee, mtoto alikuwa analia kila siku, anataka kwenda kwa koko. Na karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kurudi."

"Sisi nchi yetu hata ramani haiijui, na bado twawafunza watoto baridi yake. Yako ipo, mama'ko yu hai, nawe umemzika?"

Kumbe miaka yote nilijiona baba mwerevu, eti namkinga mtoto na machozi.

Jumamosi ile nilimkiria Riziki uongo wangu, nikampa simu. Alimsikiliza koko wake akimwita jina lake. Kisha akanirudishia simu.

"Na mama yangu," akaniuliza, "yeye alikufa kweli?"

Alikuwa amekufa kweli, Mwanangu, siku ya kumzaa yeye. Niliapa, na hakuniamini.

Kwa hiyo kwenu kukikuuma, mwambie mtoto kunauma. Mweleze vita, mweleze umbali, alie, nawe umfute machozi. Usimzike mtu aliye hai ili upate utulivu wa jioni moja. Mungu akujalie kauli ambayo wanao wataiamini hata siku ya msiba, na awaweke wote wanaokungoja.