Jino la Dhahabu Lililopakwa Zinki

Mume wangu aliweka jino la dhahabu mwaka kahawa ilipopata bei nzuri, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kucheka. Hata akisikia habari ya msiba alicheka kidogo kwanza, jino lionekane, ndipo akatoa pole. Mimi lilinichosha. Kisha vita vikaja, na barabara ya Butembo kwenda Beni ikajaa barieri, kamba tu iliyokatiza njia na wanajeshi pembeni. Tulisikia kwamba dhahabu wanaichukua popote wanapoikuta, hata kinywani, kwa koleo.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa Mulekera, kule Beni, na kukosa harusi yake sikuweza. Mume wangu naye hakutaka kubaki, wala kung'olewa jino hakutaka. Tukaenda zahanati kwa muuguzi wa meno. Akachukua unga mweupe wa oksidi ya zinki, akauchanganya na mafuta ya karafuu mpaka ukawa kama udongo wa kufinyangia, akalifunika jino lote. Kwa kawaida dawa hiyo huziba jino lililotoboka na kutuliza maumivu. Ikipata mate inaganda na kukauka. Siku hizi nasikia unga huohuo wanausaga mpaka chembe zake hazionekani kwa macho, wakaua nazo vijidudu. Wakati ule kazi yake ilikuwa kuficha ujinga wa mume wangu.

Muuguzi alimkataza chai ya moto, vitu vigumu na kucheka. Mimi alinipa unga na mafuta kidogo, tumpake upya wakati wa kurudi.

Tulipanda lori la maharagwe. Pale Kalunguta, tamaa ya muhindi wa kuchoma ikamshinda mume wangu. Nilimgombeza kwa Kinande mpaka abiria wakaangalia pembeni, lakini alipomaliza kula zinki ilikuwa inatikisika.

Kwenye barieri iliyofuata, mwanajeshi mwenye shavu lililovimba alizunguka lori akinusa.

"Nani iko na harufu ya karafu?" akauliza. "Jino inaniuma mbaya. Sijalala."

Akimchungulia mume wangu kinywani, tumekwisha. Nikaruka chini.

"Ni miye, chef. Dawa niko nayo. Ikala hapa."

Akakaa kwenye jiwe kando ya njia. Nikakoroga zinki juu ya kifuniko, nikamziba tundu la jino, nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikamfunga taya mpaka utosini.

"Uma na nguvu," nikamwambia. "Hapana fungula kinywa, hapana sema kitu mpaka ikauke. Sivyo itaanguka, na maumivu itarudia."

Akatii. Nikapanda tena lorini. Na kwa kile kitambaa, bunduki magotini, yule mwanajeshi alifanana kabisa na mama mkwe wangu. Mume wangu, mwana wa mama huyo, aliliona hilo kabla yangu. Akaangua kicheko. Zinki ikaruka, ikaanguka juu ya gunia, na dhahabu ikang'aa juani.

Mwanajeshi akatoa macho. "Mmm!" akanyoosha kidole. "Mmm! Mmm!"

"Anasema nini?" wenzake wakauliza.

"Anasema mufungule kamba, tuende," nikawajibu.

Yule mgonjwa akashika fundo la kitambaa. Akaliachia. Nadhani aliyakumbuka maumivu. Kamba ikashushwa, dereva akakanyaga mafuta. Niliogopa kiasi kwamba hata kumpiga mume wangu sikuweza. Nilimshika mkono tu, nao ulikuwa baridi.

Harusi ilikuwa nzuri, tulicheza. Siku ya kurudi, mizigo ikiwa tayari mlangoni, mume wangu alinivuta pembeni.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ndogo, "ile zinki yake, itakuwa imekauka?"

"Zamani," nikamwambia. "Sasa anaweza kusema."

Tukafungua mizigo. Watoto tuliowaacha nyumbani tuliletewa na shemeji yangu, na kitindamimba wetu alizaliwa Mulekera.